Uzito kwanza, kutu baadaye

Nitaanza na msimamo wangu, kisha tubishane. Ukinunua au ukijitengenezea behewa la treni ndogo ya mfano, usishike brashi ya rangi kabla hujashika mizani. Uzito kwanza, kutu baadaye. Anayefanya kinyume anapamba tu, na treni yake itamwaibisha siku wageni watakapokuja kuiona.

Wale wanaosoma hapa kwa ajili ya mambo ya programu wasiondoke. Leo hakuna msimbo isipokuwa mstari mmoja, lakini swali lenyewe ni letu kabisa: mfano wa kitu unakuwa sahihi lini? Ukiwa na sura yake, au ukiwa na tabia yake?

Kwa wale wageni wa mambo haya, treni za mfano ni burudani kubwa Marekani, Uingereza, Ujerumani na Japani. Skeli inayopendwa zaidi Marekani inaitwa HO, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli zake zina upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87 na utapata takriban milimita 1,435, upana ule ule wa SGR iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Behewa la mizigo la futi 40, lile sanduku la chuma lenye milango ya kusukuma pembeni lililojaa kwenye reli za Marekani katikati ya karne ya 20, katika HO lina urefu wa inchi 5.5 hivi, yaani sentimita 14. Linakaa vizuri kiganjani.

Likitoka kwenye boksi lina matatizo mawili. La kwanza, linang'aa kama sahani mpya ya plastiki, na hakuna behewa la mizigo linalong'aa hivyo baada ya miaka michache ya jua na mvua. La pili, mara nyingi ni jepesi mno. Tatizo la kwanza linatibiwa kwa kulizeesha: vumbi, kutu, masizi, rangi iliyopauka. La pili linatibiwa kwa kuweka vyuma ndani. Watu hukimbilia la kwanza kwa sababu linaonekana kwenye picha. Lakini wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hesabu ya darasani

Sasa msomaji mwenye kichwa cha hesabu ataniuliza: huo uzito ni kiasi gani? Si tugawanye tu kwa skeli?

Haya, tugawanye. Ukipunguza urefu mara 87, upana mara 87 na kimo mara 87, ujazo unapungua mara 87 × 87 × 87, ambayo ni 658,503. Behewa tupu la futi 40 lilikuwa na uzito wa tani 20 hivi. Gawanya, na unapata gramu 30. Hesabu hiyo haina kosa lolote.

Tatizo linakuja ukiliweka relini behewa la gramu 30. Litaruka kwenye maungio ya reli, litainama kwenye kona, na ukirudisha treni nyuma litapanda juu ya reli na kulala ubavu. Sababu ni kwamba unaweza kupunguza sura ya kitu mara 87, lakini fizikia haipungui pamoja nayo kwa kiwango hicho hicho.

Fikiria punje ya mchanga ya nusu milimita iliyoanguka relini. Kwa behewa lako hiyo ni sawa na jiwe la zaidi ya sentimita 4 kwa treni halisi. Fikiria kona. Reli nyingi za seti za HO zina kona yenye nusu kipenyo cha inchi 18. Kwa ukubwa halisi hiyo ni mita 40 hivi. Hiyo ni kona ya matatu kuingia mtaani, si ya treni ndefu ya mizigo kwenye reli kuu. Fikiria pia springi. Behewa halisi lina springi zinazolifanya lifuate mabonde ya reli, ilhali mabehewa mengi ya mfano hayana. Kinachoyashikilia chini ni uzito wake peke yake.

Halafu kuna tatizo la foleni. Behewa jepesi likikaa mbele na mazito yakifuata nyuma, treni ikiingia kwenye kona injini inavuta upande mmoja na mzigo unavuta upande mwingine. Kamba ikivutwa inataka kunyooka. Behewa jepesi ndilo linalotolewa relini, kuelekea ndani ya kona. Kwa hiyo uzito usiolingana ni mbaya kama uzito mdogo, na kwa maoni yangu ni mbaya zaidi.

Mstari mmoja wa msimbo

Wamarekani walichoka na jambo hili zamani. Chama chao cha National Model Railroad Association, kilichoanzishwa mwaka 1935, kina pendekezo linaloitwa RP-20.1. Kwa HO linasema hivi:

uzito = 1 + 0.5 * urefu

Uzito ni kwa aunsi, urefu ni inchi za mwili wa behewa. Kwa wanaotumia skeli ndogo ya N, anza na nusu aunsi na uongeze 0.15 kwa kila inchi. Basi. Hakuna kipeo cha tatu.

Weka behewa letu la inchi 5.5. Unapata aunsi 3.75, ambazo ni gramu 106. Linganisha na zile gramu 30 za hesabu ya darasani. Ni mara tatu na nusu!

Jambo moja linalonifurahisha: lijaze behewa halisi mizigo hadi lifike tani 70, uzito ambao mabehewa hayo yaliufikia, kisha ugawanye kwa 658,503. Unapata gramu 106. Ni nambari zimekutana tu, kwa sababu kanuni imenyooka na hesabu ya ujazo haijanyooka. Lakini inasaidia kukumbuka: behewa lako la mfano litembee siku zote kama limejaa mzigo, hata likiwa tupu.

Ubishi wa gramu 34

Mwaka jana nilialikwa na klabu ya sayansi ya shule moja ya upili, jina nitaliweka kando. Walikuwa na seti ya mtumba ya HO kutoka Marekani. Injini ilikuwa nzima, mabehewa yamevunjika. Wakachora mapya kwenye tarakilishi na kuchapisha sita kwa printa ya 3D. Kazi safi sana, hata vichwa vya ribiti ukivipapasa unavisikia. Kila moja lilikuwa na gramu 34.

Maonyesho yalikuwa yamebaki wiki tatu, na treni ilikuwa haimalizi mzunguko mmoja. Mwalimu aliyewasimamia alikuwa ameshaamua: mabehewa yapakwe rangi, yatiwe kutu, treni iwekwe mezani kama sanamu, watoto wasiaibike. Wawili kati yao walikuwa tayari wamehamia kikundi cha roboti.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu hakukubali. Alinifungulia daftari. Alikuwa amepiga hesabu yote ya mchemraba, bila kikokotoo nadhani, na jibu lake lilikuwa gramu 30 na kidogo. "Mwalimu, sisi tuko gramu 34," akaniambia. "Tuko karibu sana na sahihi. Shida ni reli."

Nikamwambia hesabu yake ni safi na reli kweli ina mabonde, lakini tujaribu kitu kimoja kwanza. Tukatafuta washa na nati kwenye chumba cha ufundi, tukapima gramu 72, tukazibandika ndani ya behewa moja na kulifunga nyuma ya injini, peke yake. Lilizunguka. Tukalitoa, tukaweka jepesi mahali pake. Likaanguka kwenye kona ya pili. Tukarudia mara nyingi, kwa sababu mara moja si ushahidi, na yeye ndiye aliyekuwa akiandika matokeo.

Mwisho akauliza swali ambalo sijalisahau: "Kwa hivyo sasa mfano wetu si sahihi tena?"

Nikamjibu kwamba ni sahihi kwa kile tunachokitaka. Kama tungetaka kujua chuma kiasi gani kinahitajika kujenga behewa, gramu 30 ndiyo nambari. Sisi tunataka behewa linalotembea kama behewa: zito, tulivu, lisilorukaruka kama kopo tupu. Hilo linataka gramu 106. Kila anayeandika programu anajua jambo hili hata kama hajawahi kulisema. Mfano hauchukui kila kitu kutoka kwa kitu halisi. Unachagua kile utakachokuwa mwaminifu kwacho, na kwingine unakubali kupotoka ukijua unachofanya.

Siku ya maonyesho treni ile ilikuwa ya kijivu, plastiki tupu, namba zimeandikwa kwa kalamu. Ilizunguka asubuhi nzima. Hawakupata zawadi. Lakini wale wawili wa roboti walirudi, na rangi walipaka muhula uliofuata, bila haraka.

Vyuma vya kwa fundi wa magurudumu

Huhitaji kuagiza vyuma maalum kutoka ng'ambo. Nenda pale wanaposawazisha magurudumu ya magari uombe vile vipande vidogo vya chuma vyenye gundi nyuma. Vinakuja na uzito wake, gramu 5 au gramu 10 kila kipande. Kwetu sisi hiyo ni zawadi: unahesabu vipande tu. Washa za dukani nazo zinafaa.

Mambo machache ya kuzingatia. Pima behewa likiwa kamili, pamoja na magurudumu na viungio, halafu ndipo utoe kwenye nambari ya kanuni. Weka chuma chini kabisa, sakafuni, kwa sababu uzito ulio juu unaliyumbisha behewa. Gawa sawa upande wa mbele na wa nyuma, juu ya magurudumu, la sivyo upande mmoja utakuwa mwepesi na huo ndio utakaotoka relini. Bandika imara. Kipande kinachotembea ndani ni kibaya kuliko kutokuwa na kipande.

Risasi nayo hutumika, kwa kuwa ni nzito na nafasi ni ndogo, lakini ina sumu. Ukiishika nawa mikono, usiipige tupa ndani ya nyumba yenye watoto, na kwa shule nasema hapana kabisa. Tena usichanganye punje za risasi na ile gundi nyeupe ya mbao. Kemikali zake huila risasi polepole, mchanganyiko unavimba, na baada ya miaka unaipasua kazi yako kutoka ndani.

Mabehewa ya wazi ndiyo magumu. Lile tambarare la kubebea magogo halina mahali pa kuficha chuma. Hapo ficha chini ya sakafu katikati ya mihimili, au lipe mzigo wa kudumu, au ukubali liwe jepesi na uliweke mwisho wa treni. Usiliweke nyuma ya injini halafu ulaumu reli.

Kutu lazima iwe na sababu

Sasa tuje kwenye rangi, na hapa pia nina ugomvi. Watu wengi wakijifunza kuzeesha mabehewa hupaka kutu kila mahali, mpaka treni nzima inaonekana imetolewa baharini. Huo si uzee.

Uzee una sababu. Maji hushuka, kwa hiyo michirizi hutoka juu kwenda chini, ikianzia kwenye ribiti au kwenye mkwaruzo. Magurudumu hurusha matope na vumbi, kwa hiyo uchafu wa chini na wa pande za mwisho una rangi ya udongo wa njia ile. Jua hupiga paa zaidi ya ubavu. Behewa la saruji huchafuka kwa weupe kuanzia kwenye vifuniko vya juu. Na ukitengeneza treni ya Marekani ya miaka ya 1940, masizi ya injini za mvuke yawe juu ya kila kitu, lakini ukitengeneza ya miaka ya 1990 usiyaweke, kwa maana mvuke ulikuwa umekwisha huko kwenye reli kuu tangu karibu mwaka 1960.

Jambo lingine: mabehewa mengi ya zamani ya Marekani yalikuwa ya rangi nyekundu ya kahawia, na rangi hiyo ilitengenezwa kwa oksidi ya chuma, yaani kutu yenyewe iliyosagwa. Ndiyo maana kutu mpya juu yake haionekani sana kwa mbali. Kinachoonekana ni kupauka.

Hata historia ya kampuni imo kwenye uchafu. Conrail ilipoanza kazi mwaka 1976 ikachukua mabehewa ya kampuni zilizofilisika, mengi hayakupakwa rangi upya mara moja. Walifuta herufi za mwenye zamani kwa kipande cha rangi na kuandika zao juu. Ukiweka kiraka kile kwenye behewa la mfano, umesema mwaka na umesema hali ya biashara, bila kuandika maelezo.

Kwa hiyo kabla ya kupaka, jiulize: uchafu huu umetoka wapi? Ukikosa jibu, acha. Na treni nzima isizeeke kiwango kimoja. Machache yawe mapya, machache yawe hoi, mengi yawe katikati.

Vifaa si vya gharama. Chaki laini za wasanii zilizosagwa kuwa unga, spiriti iliyotiwa matone ya wino mweusi, brashi iliyokaushwa karibu yote, na vanishi isiyong'aa. Jihadhari na mawili. Vanishi ikipuliziwa juu ya unga wa chaki hufifisha nusu ya kazi yako, kwa hiyo zidisha kidogo mwanzoni. Na spiriti ikimwagwa juu ya baadhi ya vanishi huacha utandu mweupe. Jaribu kwanza kwenye behewa bovu.

Na hapa ndipo mpangilio unapojieleza wenyewe. Behewa lililopakwa unga wa chaki halishikwishikwi. Ukilipaka leo, kisha kesho ugundue ni jepesi, itabidi ulifungue, ulipindue, ulibane, ulipime, ulijaribu, uliokote sakafuni. Alama za vidole vyako zitakuwa ndizo uchafu unaoonekana zaidi. Uzito unavumilia kurekebishwa mara kumi. Rangi haivumilii.

Wanaopinga

Kuna wanaosema usilizeeshe behewa kamwe, utashusha bei yake. Kwa mweka akiba wako sawa, na boksi lake alitunze pia. Lakini mimi nanunua mabehewa ili yatembee. Kwetu hapa behewa moja zuri, ukijumlisha usafirishaji na ushuru, linapita kwa urahisi unga wa nyumba wa mwezi mzima. Pesa hiyo sitaifungia kabatini. Nawaheshimu tu kwa jambo moja: kwa sababu ni ghali, usijifunzie kwa lile jipya.

Wengine wanasema uzito mwingi unaichosha injini. Ni kweli, hasa kwenye mlima. Mabehewa ya gramu 106 huvutwa machache kuliko ya gramu 60. Dawa yake ni magurudumu ya chuma yenye ekseli za ncha kali, ambayo huzunguka kwa wepesi na hayakusanyi uchafu kama ya plastiki. Afadhali mabehewa 12 yanayofika kuliko 20 yanayoanguka.

Na wapo wanaomtaja John Allen, yule mpiga picha wa Monterey, California, aliyefariki mwaka 1973. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuwaonyesha wenzake kwamba treni ya mfano inaweza kuwa chafu na kupendeza. Reli yake ya Gorre & Daphetid iliungua muda mfupi baada ya kifo chake, na sisi wengine tunaijua kwa picha. Watu wakiona zile picha hudhani siri ilikuwa rangi. Wanasahau kwamba ni yeye huyo aliyebuni Timesaver, fumbo la kupanga mabehewa kwenye reli fupi, mbele na nyuma, kuunganisha na kutenganisha, ukishindana na saa. Fumbo hilo halichezeki kwa mabehewa yanayoanguka. Mtu yule alitaka treni zifanye kazi.

Na sisi je?

Mimi ndoto yangu ni treni ya reli yetu ya zamani, ile ya upana wa mita moja. Dukani sijawahi kuona behewa lake, kwa hiyo itabidi tuchore na kuchapisha wenyewe. Katika skeli ya 1:87 reli hiyo hutengenezwa kwa upana wa milimita 12. Miguu ikiwa karibu karibu hivyo, behewa hupinduka upesi zaidi, kwa hiyo suala la uzito na mahali unapouweka litakuwa zito maradufu. Kwa rangi, nenda kwenye makumbusho ya reli pale Nairobi, zunguka uwanjani na kamera, utazame maji yamepita wapi kwenye chuma. Fanya hivyo mapema, maana chuma cha zamani hakikai milele. Kingine huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kikishakatwa hakuna picha utakayopiga.

Lakini kabla ya yote hayo, chukua mizani ya jikoni. Behewa ulilo nalo lina gramu ngapi? Kama ni chini ya nambari ya kanuni, brashi irudi kwenye kikombe.